Walimu wa unasihi nao waendelezwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee walimu wa ushauri na unasihi wa shule za sekondari za Mtwara na Lindi. Sisi ndio tunaokimbiliwa na wanafunzi na wazazi kila unapofika wakati wa kuchagua tahasusi, yaani michepuo ya masomo, na vyuo, ilhali wengi wetu tulikabidhiwa jukumu hilo kwa barua tu, bila mafunzo yoyote zaidi ya yale tuliyoyapata tukisomea ualimu.

Kazi yenyewe imepanuka mno. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65, na mwaka huohuo mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ukaanza katika baadhi ya shule. Mkulima wa korosho wa Tandahimba anapouliza kama mwanawe aendelee na kidato cha tano au akasomee umeme katika chuo cha ufundi cha VETA, hakufuata maneno ya kutiwa moyo. Anataka kujua ada, sifa za kujiunga, muda wa masomo na nani atakayemwajiri kijana wake.

Chukua suala la gesi. Tangu bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likamilike mwaka 2015, na sasa kwa habari za mradi wa kusindika gesi unaokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, vijana wengi huja wakisema wanataka "kazi ya gesi", basi. Mshauri aliyeandaliwa angewafafanulia kwamba ujenzi wa mitambo huhitaji wachomeleaji, mafundi bomba na madereva wengi kwa muda mfupi, lakini mtambo ukishaanza kazi huendeshwa na watu wachache wenye ujuzi maalumu, hivyo ni busara kijana achague fani itakayompa kazi pia bandarini, kwenye kiwanda cha saruji au cha kubangua korosho. Mwalimu ambaye hajawahi kuingia hata getini kwenye mtambo wa gesi wa Madimba atayajulia wapi hayo?

Utaratibu wa kutusaidia tayari upo. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, hutukutanisha walimu kujadili ufundishaji wa masomo, nami naishukuru. Maofisa elimu wangetenga humo vikao vya unasihi kila muhula, wakamwalika mkufunzi wa VETA, ofisa kazi na mtafiti kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, maana kilimo nacho ni ajira. Tupunguziwe vipindi, tupewe na chumba. Leo mwanafunzi hunieleza mambo ya nyumbani kwao ndani ya ofisi ya walimu, huku mwenzangu akisahihisha madaftari meza ya pili, na baada ya hapo mimi mwenyewe sina mtaalamu wa kumshirikisha yaliyonielemea.

Ningeomba kikao cha kwanza kifanyike kabla ya minada ya korosho kuanza Oktoba, kwa kuwa fedha zikishaingia ndipo wazazi wengi huku kwetu huamua mtoto aende chuo gani.

Mwalimu wa ushauri na unasihi,
Masasi, Mtwara