Mwaka wa Mpaka Mtoni: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2021

Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, wanachama wa Albury na Wodonga, miji miwili ya Australia inayotazamana kwenye mto Murray, pamoja na ninyi wa Shepparton na Wagga Wagga ambao kwa miezi mingi tumeonana kwenye simu tu: salamu nyingi.

Mkutano mkuu ni Jumamosi hii, 18 Desemba, saa nane mchana, ukumbini, ana kwa ana. Maneno hayo "ana kwa ana" sijayaandika tangu Machi 2020. Mwaka jana tulikutana kwa Zoom, sauti zikikatika, na uchaguzi tukauahirisha. Safari hii naomba kila mtu aje, kwa sababu kuna jambo la kuamua ambalo halifai kuamuliwa na watu wachache. Mwezi Oktoba kamati ilipokea barua ya wanachama 19 wakitaka chama kigawanywe, Albury kivyake na Wodonga kivyake. Nitalirudia. Kwanza nieleze tulivyofika hapo, maana waliosaini barua ile si wagomvi. Ni watu waliochoka.

Sisi tuliotoka Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, tulikulia kando ya ziwa lenye nchi nne, tukijua kwamba maji ni mpaka. Mto Murray hatukuuona hivyo. Mtu analala Wodonga, jimbo la Victoria, na kazi yake iko Albury, jimbo la New South Wales. Mtoto anazaliwa Wodonga kwa sababu wodi ya wazazi iko huko. Baba yake akizidiwa analazwa Albury kwa sababu chumba cha mahututi kiko huku, na hospitali zote mbili zina uongozi mmoja. Ndivyo tulivyoishi mpaka usiku wa kuamkia 8 Julai 2020, New South Wales ilipofunga mpaka wake na Victoria kwa sababu ya korona, jambo lisilotokea tangu homa kuu ya 1919. Mpaka ulifunguliwa Novemba ile, tukashangilia, tukadhani yamekwisha. Mwaka huu yakarudi, na safari hii kila upande ukaufungia mwenzake mlango.

Baba mmoja aliniuliza mara tatu: Waziri Mkuu Scott Morrison yuko Canberra, kwa nini asiseme neno moja tu mpaka ukafunguka? Nijibu hapa ili wote wasome. Nchi hii ni shirikisho. Polisi, shule na sehemu kubwa ya mambo ya afya viko mikononi mwa majimbo. Tangu Machi 2020 viongozi wa majimbo hukaa na Waziri Mkuu katika baraza lao la pamoja, wakakubaliana, kisha kila mmoja akarudi kwake na kufanya anavyoona. Katiba, kifungu cha 92, inasema kupita kati ya majimbo kuwe huru, na tajiri Clive Palmer alikitumia kifungu hicho kuishtaki Australia Magharibi. Mahakama Kuu ikamkatalia Novemba 2020. Baada ya hapo kila kiongozi wa jimbo alijua kuwa ufunguo ni wake. Mark McGowan, kiongozi wa Australia Magharibi kule Perth, alikuwa amefunga tangu Aprili 2020, na Machi mwaka huu wapiga kura wakampa chama chake viti 53 kati ya 59. Kwa hiyo si kweli kwamba Waaustralia wote waliuchukia mpaka. Wengi waliupenda, mradi wao wawe ndani na mwingine awe nje.

Na nitakuwa mkweli: kufunga kuliokoa watu. Wanachama wetu wengi wanafanya kazi katika nyumba za kulelea wazee. Wanakumbuka mwaka jana Victoria ilipopoteza zaidi ya wazee 600 katika nyumba hizo kwa wimbi moja tu. Nchi nzima hadi leo imezika zaidi ya watu 2,000 kwa ugonjwa huu, idadi ndogo ukilinganisha na Uingereza au Marekani. Sijawahi kusimama mbele yenu kusema kwamba ugonjwa ni uongo, na sitasimama.

Kilichowaumiza watu ni mizani. Binti ya mama mmoja wetu anaishi Blacktown, magharibi mwa Sydney. Mlipuko wa Delta, aina ya virusi vya korona, ulianza Juni upande wa mashariki, karibu na Bondi, lakini kufikia Agosti mzigo wote ulikuwa umelala magharibi, kwa wahamiaji na wafanyakazi wa maghala na viwanda: wilaya 12 zimewekewa masharti makali kuliko wengine, marufuku ya kutoka kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wanajeshi 300 wakiwasaidia polisi kwenda mlango hadi mlango. Septemba, jua lilipotoka, binti yule alimtumia mama yake picha ya ufukwe wa Bondi umejaa watu. Hakuandika neno lolote chini yake.

Melbourne nako walifungiwa mara sita, jumla ya siku 262. Tarehe 21 Septemba waandamanaji, baadhi yao wajenzi, walifunga daraja la West Gate. Waliokuwa wakipiga kelele kwamba chanjo ni sumu sikubaliani nao hata kidogo. Lakini katika kundi lile walikuwemo pia watu waliokuwa hawajapata mshahara kamili kwa wiki nyingi, na hao siwezi kuwaita wajinga. Wala hatujasahau maghorofa tisa marefu ya nyumba za serikali ya Flemington na North Melbourne, Julai 2020: watu wapatao 3,000, wengi wao Waafrika wenzetu, wakafungiwa ndani papo hapo, polisi kwenye ngazi, hata maziwa ya watoto hawajanunua. Deborah Glass, anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali ya Victoria, aliandika Desemba iliyopita kwamba haki za wakazi wale zilivunjwa.

Sasa nije kwetu.

Mwishoni mwa Agosti tulimzika mzee wetu mmoja hapa Albury. Hakufa kwa korona. Moyo wake ulikuwa umechoka. Majimbo yote mawili yalikuwa yamefungwa wakati huo, na mazikoni waliruhusiwa watu kumi. Marehemu aliacha watoto tisa na wajukuu ambao sijamaliza kuwahesabu. Tulikaa na familia usiku kucha tukiandika majina na kuyafuta. Mwanawe mkubwa yuko Perth, hakupata ruhusa. Makaburini nilishika simu juu ili wa Wodonga, wa Shepparton na wa Perth waone, upepo ukivuma kwenye kipaza sauti, mkono ukitetemeka, na mjane akaniuliza kwa sauti ndogo, "Watu wako wapi?" Alijua walipo. Kwetu msiba ni nyumba kujaa, ni mikeka hadi barabarani, ni masufuria ya watu mia mbili. Yeye alirudi kwenye nyumba yenye viti vitupu. Siku ile akina mama wawili wa Wodonga, katika muda wao wa mazoezi, walitembea hadi ukingo wa mto, wakasimama wakiangalia upande wa Albury mpaka nilipowapigia simu kuwaambia tumemaliza kufukia.

McGowan ametangaza Jumatatu hii kwamba atafungua 5 Februari. Kijana tayari ameshakata tiketi kuja kuona kaburi la baba yake.

Kuhusu vibali. Katibu alijaza maombi ya wanachama usiku baada ya usiku, kwa sababu fomu ni za Kiingereza na za mtandaoni, na masharti yalikuwa yakibadilika kabla hatujamaliza kuyatafsiri. Familia moja yetu, iliyokuwa imekwenda kumuuguza ndugu New South Wales, ilikaa wiki saba ikiomba kurudi nyumbani kwake Victoria. Walitakiwa kupeleka uthibitisho wa anwani, wakapeleka; wakatakiwa barua ya daktari, wakapeleka; kisha ukaja ujumbe wa mistari miwili kwamba ombi limefungwa. Tulidhani ni sisi tu, kwa sababu ya majina yetu. Wiki iliyopita Deborah Glass ametoa taarifa nyingine, juu ya vibali hivi. Katika muda wa miezi miwili hivi, Julai hadi Septemba, Victoria ilipokea maombi zaidi ya 33,000 ya kuruhusiwa kuingia, na yaliyokubaliwa ni asilimia 8. Wenyeji wazungu, wakulima, wastaafu waliokwama ndani ya nyumba zao za magurudumu za likizo, wote walikataliwa hivyo hivyo. Sijui kama hilo linafariji, lakini ni vizuri kulijua.

Kwa wengi wetu kibali si neno la mwaka 2020. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mtu kutoka nje ya kilomita nne bila karatasi ilikuwa kosa. Kuna waliolala mahabusu kwa kufuata kuni. Melbourne walipoambiwa wasivuke kilomita tano kutoka nyumbani, mzee mmoja aliniambia, "Hawa wametuongezea moja." Tulinyamaza wote. Kuna akina mama ambao mwaka huu hawakuvuka daraja hata walipokuwa na haki ya kuvuka, kwa sababu ya kuona sare tu. Nimeomba kamati ijayo itafute mshauri nasaha anayezungumza Kiswahili, na nitalisemea hili tena mkutanoni.

Shepparton. Mwisho wa Agosti karibu theluthi moja ya mji ule ilikuwa karantini kwa wakati mmoja, maduka hayana wauzaji, na familia saba za wanachama wetu hawakuweza kutoka hata mlangoni. Fedha ya chakula ilitoka kwa wanachama wa Albury. Vijana wa Wodonga ndio walionunua, wakafungasha unga, mawese, sombe na dagaa, wakapakia kwenye lori la mfanyabiashara mwenye ruhusa ya mizigo, wakaandika jina la kila familia juu ya boksi lake. Boksi la mwisho liliachwa mlangoni usiku. Asubuhi tukatumiwa sauti ya watoto wakiimba. Albury peke yake isingelifikisha. Wodonga peke yake isingelinunua.

Chanjo ilitugawa zaidi kuliko mto. Mwanzoni tulisubiri tu, dozi hazipo. Kisha ushauri juu ya AstraZeneca ukabadilika, Aprili kwa walio chini ya miaka 50, Juni kwa walio chini ya 60, na kila badiliko likazaa video mpya katika kundi letu la WhatsApp. Nawashukuru wauguzi wetu wawili waliorekodi maelezo kwa Kiswahili, Kibembe na Kifuliru na kujibu matusi kwa upole. Leo karibu asilimia 90 ya watu wazima nchini wamechanja dozi mbili, na kwa ninavyoona hata sisi hatuko nyuma. Waliokataa bado ni wanachama. Mlango wa ukumbi utafuata sheria ya jimbo, lakini nimemwomba katibu afungue simu ili na wao wasikie na kupiga kura.

Nirudi kwenye barua. Watu walianza kuitana "wa Gladys" na "wa Dan", kwa majina ya viongozi wa majimbo, Gladys Berejiklian wa New South Wales na Dan Andrews wa Victoria, kwanza kwa kuchekeshana, baadaye kwa hasira. Tarehe 9 Septemba Wodonga ilifunguliwa huku Albury ikiwa bado imefungwa, na kuna aliyeandika kundini kwamba sasa wagonjwa wabaki kwao. Maneno hayo yalitoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Kosa jingine ni langu. Agosti, mpaka ulipobana, mimi ninayekaa Albury niliamua msaada wa dharura uanze kwa familia za Albury, nikisema za Wodonga tutazifikia baadaye. Sikuita kikao. Familia za Wodonga zilisubiri wiki tatu. Waliosaini barua wamelitaja jambo hilo, na wana haki. Naomba radhi kwa kila nyumba iliyosubiri.

Kamati inapendekeza hoja ya kugawana ikataliwe, na badala yake katiba yetu ibadilishwe sehemu tatu: makamu mwenyekiti atoke upande wa mto asiokaa mwenyekiti, mfuko wa rambirambi na wa dharura uwe na watia saini kila upande, ili daraja likifungwa fedha isikwame, na Shepparton na Wagga Wagga wapate kila mmoja kiti kwenye kamati. Mweka hazina atasoma hesabu mwenyewe. Ada ya mwaka haipandi.

Tangu jana, 15 Desemba, wenye viza za kibinadamu waliochanjwa wameanza kuruhusiwa kuingia nchini. Wenye ndugu waliokwama Nyarugusu na viza mkononi tangu 2020 waje na nakala za karatasi zao. Katibu atakuwa meza ya mlangoni kuanzia saa saba.

Mimi sigombei tena. Fomu za wagombea zirudishwe kabla ya Ijumaa jioni. Akina mama wa Wodonga wameomba wapike wao, na wa Albury wamekubali kuleta vyombo.

Mwenyekiti
Albury, 16 Desemba 2021