Pete Uliyoniagiza

Mikindani, Mtwara
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo, mama mkubwa anakusalimu na anauliza lini utamletea pweza mkavu wa Lindi. Minada ya korosho imefunguliwa, watu wana pesa, na mimi sina usiku wala mchana kwa kazi. Ndiyo maana nimekawia kukujibu.

Au niseme kweli tu: nimekawia kwa sababu sitaki kukutengenezea hiyo pete.

Usinune kwanza, soma. Umetaka waridi la fedha, katikati tanzanaiti. Ungekuwa mtu wa kukaa ofisini ningeianza siku hiyohiyo. Lakini wewe unaamka saa kumi alfajiri, unapara samaki, unakuna nazi, unasugua masufuria kwa mchanga. Tanzanaiti ni jiwe laini. Kwenye kipimo cha ugumu almasi ni 10, yakuti 9, yenyewe iko kati ya 6 na 7. Mchanga wako wa sufuria peke yake ni 7! Haitapita miezi mingi uso wake utakuwa umekwaruzika kama miwani ya babu. Na ukiitoa kwenye maji ya moto ukaichovya kwenye ya baridi, inaweza kupasuka. Jiwe linalochimbwa Mirerani tu, dunia nzima, lije life kwenye karai la vyombo? Mimi sitaki dhambi hiyo.

Waridi nalo, shoga, lilikuwa la nani? Uani kwenu tulikua na mlangilangi na mkomamanga, ndiyo miti tuliyoikwea na kupigiwa.

Basi wiki iliyopita nilikwenda nikakaa chini ya mlangilangi wa jirani, nikachuma ua moja nikalifungua. Lina petali sita, tatu za nje na tatu za ndani, nyembamba, zimejikunja ncha. Changa ni kijani, likikomaa linakuwa njano, na linaning'inia kichwa chini. Hereni tayari hiyo, na ndizo ninazokutengenezea badala ya pete; sisi tunaongeza ndoano tu.

Jozi ya kwanza nilikata bati la shaba ya njano. Ilipendeza, ila nilishinda nayo siku moja masikio yakaniuma kama nimebeba ndoo. Nikaiacha, nikachukua waya. Waya ukiugonga hivihivi unakatika, kwa hiyo unauchoma mpaka uwe mwekundu, unaupoza, ndipo unakubali kulazwa kwa nyundo juu ya kipande cha chuma. Kila ukigonga kidogo unaurudisha motoni. Petali moja ilinichukua karibu saa nzima, na ni mara sita, na masikio ni mawili. Piga hesabu mwenyewe halafu uniambie bei yangu ni kubwa.

Juu, pale kikonyo kinapoanza, nimeweka punje ya jiwe la garneti nyekundu. Jina lake hilo limetoka kwenye neno la Kilatini la komamanga, kwa sababu ya zile punje zake. Kwa hiyo miti yenu yote miwili imo. Garneti nayo si ngumu sana, lakini sikioni haikutani na mchanga. Iko ya kijani pia, inachimbwa huko kwenu Ruangwa, ila hiyo subiri kwanza ufungue kibanda cha pili.

Nyekundu hizi nimezikagua kwa lenzi moja moja. Mwaka jana nilipigwa: dalali mmoja aliniuzia punje nne, akaapa ni za Tunduru. Nafika nyumbani, naangalia, ndani mna mapovu kama soda. Chupa! Sasa hivi mpwa wangu anazichezea bao.

Ndoano nitaweka za fedha, maana shaba najua inakutoa vipele. Ila nijibu jambo moja: lile tundu la sikio la kushoto lililochanika siku ya harusi ya binamu yako, liliziba au bado lipo wazi? Kama liliziba nitakutilia kibanio upande huo.

Pesa uliyotuma ninayo. Nikimaliza nitakata ya vifaa na kazi, inayobaki nakurudishia. Na huyo pweza, mpe mtu wa basi la Jumatano, mama mkubwa asije akanihamishia hasira.

Wako,
Somo wa Mikindani