YAH: Malalamiko makubwa kuhusu riwaya yangu na mlivyomdhalilisha mchangiaji wangu ofisini kwenu

Kwa Meneja Mkuu,

Habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nawaandikia kwa heshima zote kama mteja wenu, na naomba barua hii imfikie meneja mwenyewe isiishie mapokezi, maana zile za mwanzo mpaka leo sijui zimewekwa droo gani. Mkataba wa nyie kukusanya michango ya wasomaji na kuchapa riwaya yangu ya reli ya TAZARA mnao, masharti ya michango mliyaandika nyie wenyewe, kwahiyo sina haja ya kuwasomea.

Naanza na ile Jumanne ofisini kwenu Mwanjelwa maana ndo inayoninyima usingizi. Nilikuja na mzee mmoja, mchangiaji wangu, amepanda basi la alfajiri kutoka Makambako ili aone kwa macho yake kitabu kimefikia wapi. Tukafika kaunta, mzee akauliza kistaarabu kabisa, "mwanangu, kile kitabu cha reli kimefikia wapi?" Kijana wenu hakumpa hata shikamoo, macho yapo kwenye simu, akamjibu: "Mzee, sisi hela ya hicho kitabu hatujaiona, muulize huyo mwandishi wako amezipeleka wapi." Nimesimama pale pale. Na watu wengine wamekaa kwenye benchi wanasubiri kadi zao za harusi, wote wakaniangalia.

Meneja, hela zimeingia kwenye lipa namba YENU, jina linalotokea kwenye meseji ni LENU, haijawahi kupita hata shilingi mia kwenye simu yangu. Milioni 6 na laki 4. Lengo lilifika Septemba mwaka jana, mkanitumia meseji ya pongezi na siku hiyo hiyo mkakata asilimia 10 yenu. Kwahiyo hela mliiona, mliihesabu, na yenu mkaitoa. Sasa huyo kijana anapata wapi ujasiri wa kumwambia mtu mzima kwamba mimi ndo nimekula?

Mnajua kabisa kazi ya namna hii inaenda kwa imani. Mtu anatoa elfu kumi, elfu ishirini, kwa kitabu ambacho hakipo bado, anachopata mkononi kwa miezi yote hiyo ni taarifa tu, tumefika hapa, bado hiki, tumekwama hapa. Taarifa ikiwa ya uongo hana kingine alichonacho. Brandon Sanderson wa Marekani mwaka 2022 alichangiwa zaidi ya dola milioni 41 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela, kwa riwaya nne, na mwaka 2023 riwaya zikatoka moja moja kila robo mwaka kama alivyoahidi, na muda wote huo aliwapa watu wake taarifa. Mi sijaomba hata robo ya robo ya hayo, nimeomba nakala 500 za kitabu kimoja na neno la kweli kila mwisho wa mwezi, kitu ambacho mmekiandika wenyewe kwenye masharti yenu.

Badala yake Januari mkawatumia wachangiaji wote meseji, "Habari njema wadau, kitabu kipo mashineni", na chini mkaweka jina langu. Jina langu! Sikuandika mimi, sikuulizwa, niliiona kwa mara ya kwanza pale mwalimu mmoja wa Tukuyu aliponipigia kunipongeza. Nikafurahi na mimi jamani, nikajua labda kweli. Februari nikauliza Maktaba ya Taifa ambako namba za ISBN, zile za kutambulisha kitabu, zinatolewa, naambiwa hakuna ombi lolote la kitabu chenye jina hilo. Kitabu kipo mashineni hakina hata ISBN? Na Machi ndo mnaniletea prufu ya kwanza, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, yani mwezi wa pili baada ya kuwatangazia watu kwamba kinachapwa ndo mnaniletea prufu nisahihishe! Sasa Januari kilikuwa mashine gani?

Na prufu yenyewe sijui niseme nini. Sura ya 11 haipo yote. Namba za kurasa zinatoka 143 zinarudi 128. Na kila penye Mlimba mmeandika "mlima", kitabu kizima, mtu ameipitisha kwenye kompyuta ikabadilisha yenyewe na hakuna aliyesoma. Mlimba ni stesheni, ni mahali, kuna watu wamezaliwa pale. Kipande cha Mlimba mpaka Makambako ndo kilikuwa kigumu kuliko vyote wakati TAZARA, reli ya kwenda Zambia, inajengwa, ndo kwenye mahandaki na madaraja mengi, na nusu ya riwaya yangu inatokea hapo. Mmekiondoa kwenye kitabu changu. Na salamu ya Kinyakyusa, ugonile, nayo imegeuka "ugonjwa", mama anamsalimia mwanae asubuhi, ugonjwa. Nilisahihisha kwa mkono ukurasa kwa ukurasa nikawarudishia ndani ya wiki, mpaka leo prufu ya pili sijaiona.

Kila nikipiga kuna sababu mpya. Karatasi zimekwama bandarini. Dola imepanda. Fundi wa mashine amefiwa, nikatoa pole kwa moyo wote, wiki inayofuata naongea na fundi mwenyewe ananishangaa, hajafiwa. Halafu mkasema kurasa zimezidi kwahiyo gharama imeongezeka. Kitabu kina kurasa 288 toka siku ya kwanza, nyie ndo mlipanga hesabu mkaniambia ni nzuri kwa sababu karatasi moja kubwa inatoa kurasa 16, na hesabu hiyo inagawanyika kwa 16 bila karatasi kupotea. 16 mara 18 ni 288, haijabadilika.

Sasa narudi pale kaunta, maana mara ya kwanza sijasema yote, nilikuwa najizuia.

Kijana alipomaliza kusema hatujaiona hela, yule mzee hakupandisha sauti. Akavua kofia akaiweka kaunta, akatoa simu yake ndogo ya batani, akaanza kutafuta meseji ya muamala, mikono inatetemeka kidogo maana ni mtu wa miaka sabini na kitu na hajala toka Makambako. Ameitunza ile meseji toka mwaka jana. Akaipata, akamgeuzia simu kijana wenu, akamwambia soma mwanangu, si jina la hapa hili? Elfu hamsini, hela aliyouza parachichi zake. Kijana hakusoma. Akasema, nanukuu kama nilivyosikia kwa masikio yangu, "hizo meseji siku hizi mtu yeyote anatengeneza." Yani mzee sasa ndo tapeli. Na yule msimamizi wenu wa ndani, aliyevaa kitambulisho cha kampuni shingoni, alitoka mlangoni, akasikia, akacheka, akarudi ndani na chai yake. Hakuuliza kuna nini. Nikamwita "kaka samahani", akafunga mlango.

Mzee akachukua kofia yake. Tulipotoka nje hakuniuliza kitu, na hicho ndo kiliniuma kuliko yote, kwamba hakuniuliza. Nikampeleka akapate chakula, akala kidogo sana. Kwenye bajaji kwenda stendi ya Nane Nane akasema tu, "mwanangu kama hela ilitumika kwa shida useme, watu wataelewa." Meneja, huyu mtu anafikiri nimeiba. Mtu ambaye alikaa na mimi siku nzima nzima barazani kwake anakumbuka kila kitu, alivyoingia kazini kijana mdogo, walivyokuwa wanalala kwenye mahema mvua inanyesha usiku kucha, Wachina waliofanya nao kazi, wenzake waliobaki kule kule. Hakuchangia elfu hamsini tu, riwaya ile bila yeye haipo. Na sasa anafikiri nimeiba, kwa sababu mfanyakazi wenu alikuwa hataki kuinua macho kwenye simu.

Na haikuishia hapo. Mzee ana watoto, watoto wana simu. Jioni ile ile kwenye grupu la wachangiaji mtu kaandika "kumbe hela hazijafika kampuni", mwingine "nilisema mimi", mwingine akatoka kwenye grupu, wakafuata wengine. Watu zaidi ya mia mbili, wengi nawajua kwa sura, walimu wenzangu, akina mama wa soko la Mwanjelwa, wanakwaya, vijana wa Uyole walionichangia buku mbili mbili. Nimefundisha mji huu miaka mingi. Nikienda dukani naangaliwa. Nikawaomba nyie mtoe neno moja tu kwenye grupu, kwamba hela mnayo, mkanijibu "tutalifanyia kazi". Hamjalifanyia.

Haraka yangu mnaijua, nilishaieleza tukisaini. Reli ilikabidhiwa Julai 1976, Julai hii inatimiza miaka 50. Wazee waliojenga wanaondoka mmoja mmoja, wawili kati ya wale niliowahoji nimeshawazika. Nilitaka waliobaki wakishike hicho kitabu mkononi mwaka huu. Miaka 51 hainisaidii.

Ombi langu lilikuwa dogo. Nilitaka prufu ya pili iliyosahihishwa, tarehe ya kweli ya kuchapa, na taarifa kwa wachangiaji yenye jina la kampuni na siyo jina langu. Hilo ndo nililoandika kwenye barua ya kwanza mkakaa kimya.

Sasa naongeza. Nataka barua rasmi, yenye mhuri na sahihi ya meneja, inayosema wazi kwamba milioni 6 na laki 4 zilipokelewa na kampuni na mwandishi hajashika hata senti. Iwekwe kwenye grupu, na ibandikwe pale pale kaunta ambapo maneno yalisemwa. Na yule mzee aombwe radhi, na isiwe kwa meseji. Mtu wa ngazi ya juu apande gari aende Makambako, amkute kwake, ampe shikamoo yake ambayo hakupewa, na amwambie mbele ya familia yake kwamba hakutengeneza meseji na mimi sikuiba. Kijana pamoja na huyo msimamizi wa kucheka waende naye.

Na kadri ninavyoandika naona hata hayo hayatoshi, maana sijui kama hela bado ipo. Tuambieni, ipo? Uingereza kulikuwa na kampuni inaitwa Unbound, ilianza 2011, ilikuwa inachangisha wasomaji kabla ya kuchapa kama mnavyofanya, Machi 2025 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, waandishi wakabaki wanadai hela zao. Kampuni kubwa ile, ya London. Sitaki mimi na watu wangu tuje kusikia habari kama hizo siku mmefunga mlango. Kwahiyo nataka taarifa ya benki inayoonyesha hela ya kitabu changu ilipo.

Nawapa siku 14 toka mnapopokea barua hii. Zikipita bila kitabu kuingia mashineni kweli, na mimi nikiwepo nakiona, nataka michango yote irudi kwa kila aliyechanga, kwa namba ile ile aliyotumia, pamoja na ile asilimia 10 maana hamjaifanyia kazi. Na mswada wangu wote, mafaili ya kurasa na jalada, vifutwe kwenye kompyuta zenu na nikabidhiwe. Hakimiliki ni yangu kwa sheria ya 1999, na ikitoka nakala hata moja mtaani bila idhini yangu tutaonana COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Tume ya Ushindani nao nitawapelekea faili, lipo tayari, meseji ya Januari yenye jina langu ipo, majibu yenu yote ya simu niliyaandika na tarehe, na sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kabisa kumdanganya mlaji. TRA pia wataniuliza risiti za EFD za hiyo michango ziko wapi, nitawajibu ukweli, kwamba hakuna mchangiaji hata mmoja aliyepewa. Na kuna mwanasheria ni mchangiaji wetu, yeye ameshasoma mkataba na amekubali kusimamia kesi ya madai bila kunidai, pamoja na dai la kunichafulia jina, mashahidi ni wale waliokuwa kwenye benchi, wawili nimeshawapata na wamekubali kuja.

Sijaandika haya kwa kupenda ugomvi, nimewaheshimu muda mrefu. Lakini mzee wangu hawezi kurudi Makambako na jina la tapeli halafu nikakaa kimya.

Nasubiri majibu kwa maandishi, siyo kwa simu.

Wenu,
Mwandishi wa riwaya ya reli,
Mbeya, Mei 2026

Nakala: wachangiaji wote, nimeshawatumia asubuhi hii.