Sauti ya kulalia

Kariobangi South,
Nairobi.
Jumapili jioni, mwezi wa Mei

Nafula mpenzi,

Ujumbe wako wa saa tisa usiku nimeusoma mara mbili, nikaona bora nikae nikuandikie barua kamili. Kwanza nibusie Imani. Miezi minne tayari! Unaamka kumnyonyesha, yeye anarudi kulala, wewe unabaki macho kodo unahesabu honi za Thika Road. Pole sana, Mama Imani. Ghorofa ya tano Roysambu, na dirisha linatazama barabara ya njia nane: usingizi utapitia wapi?

Umeniuliza nilikuwa nasikiliza nini mwaka ule tulipomzika baba, nilipokuwa silali. Nitakueleza yote, hata lile ambalo sijamwambia mtu.

Nilianza na sauti yake mwenyewe. Kwenye simu nilikuwa na sauti thelathini na kitu alizokuwa akinirekodia kwa WhatsApp. Nyingi ni za kuniuliza kama nimefika salama. Moja ni ya dakika sita nzima, ananieleza mihogo inavyopandwa. Niliamini hakuna kitu duniani kingenituliza kama hicho. Usiku wa kwanza nilizisikiliza zote, wa pili vilevile. Kila alipovuta pumzi nilingojea neno linalofuata. Na kila aliposema "Rehema mwanangu", hata kama usingizi ulikuwa umeshaanza kunichukua, nilizinduka. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mtu akilala masikio hayafungwi. Ubongo unaendelea kuchuja kinachoingia, na jina lako ni katika zile sauti zinazopenya upesi. Kwetu Voi gari la moshi lilikuwa likipita usiku wa manane na hakuna aliyegeuka kitandani, lakini mama akinong'ona jina lako mlangoni, umeshakaa kitako.

Kwa hiyo, dada, ile sauti unayoipenda kuliko zote iache. Tafuta ile ambayo ukiilalia katikati hutakuwa umekosa kitu.

Hapo utaona mengi yanajiondoa yenyewe. Hadithi nzuri itakukesheza kwa sababu unataka kujua mwisho wake. Taarab nayo weka kando: nakujua, utalala unatafuta fumbo limerushwa kwa nani. Nyimbo za kanisani unazozijua kwa moyo utaziimba kimoyomoyo ubeti hadi ubeti. Redio ina watu wake. Baba hakulala bila redio, na mpaka anafariki aliiita Sauti ya Kenya, ingawa ilibadilishwa jina ikawa KBC tangu 1989. Lakini aliifungulia chini sana, maneno yakawa yanamung'unyika tu, huwezi kujua ni habari au ni kilimo. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Mimi nilishindwa, maana kila saa kuna muziki wa taarifa ya habari unaoingia kwa kishindo.

Kilichonilaza mimi ni mvua juu ya mabati.

Niliirekodi mwenyewe, Aprili, masika yamepamba moto, simu nimeiweka juu ya kabati kwa dakika arobaini. Unajua hapa kwangu ni chumba cha juu kabisa na mabati hayana dari. Nilipoanza kuilalia nikataka kujua inafanyaje kazi, na jibu limenisaidia kuliko dawa. Kinachomwamsha mtu zaidi ni sauti kuruka ghafla kutoka kimya, hata kama yenyewe si kubwa sana. Honi ya matatu katika chumba kimya ni kama kofi. Mvua imetandazwa ndani yake sauti nyembamba na nene kwa pamoja, haipandi wala haishuki sana, na inainua ule ukimya juu kidogo. Honi ikija inakuta pengo limeshazibwa nusu, inapita kama kitu cha mbali.

Ukitafuta kwenye intaneti utakutana na kelele za rangi. Nyeupe ni ule mchachariko wa televisheni ya zamani isiyoshika stesheni; mimi naiona kali. Ya waridi imepunguzwa ukali juu, inakaribia mvua. Ya kahawia ni nzito zaidi, kama maporomoko ukiwa mbali nayo. Hiyo kahawia, ambayo kwa Kiingereza ni "brown", kusema kweli si rangi: imetokana na jina la Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, ambaye 1827 aliona kwa hadubini chembe zikichezacheza ndani ya maji bila mpango. Kwa injini za malori ya Thika Road, ambazo ni nzito, jaribu ya kahawia kwanza. Kwa honi, mvua.

Ukishachagua, ipakue kabisa. Mimi nilikuwa nasikiliza bure mtandaoni, na saa saba usiku, usingizi umekolea, likanilipukia tangazo la kamari. Nililia, Nafula. Si kwa tangazo. Ni kwa uchovu. Simu ilaze kifudifudi mbali na mto, wala usichomeke kitu masikioni, maana ukilalia ubavu sikio litauma na Imani hutamsikia. Ukiweka taima, sauti ipungue polepole. Ikikatika ghafla, ule ukimya nao unaamsha. Kwako wewe mwenye magari usiku kucha, iache iendelee chini chini hadi alfajiri.

Na Imani je? Hapa nakusihi. Kuna watafiti wa Toronto waliopima mashine 14 za kumlaza mtoto, wakachapisha 2014: tatu zilizidi desibeli 85 zikiwa karibu, na hiyo ni sauti ambayo mfanyakazi wa kiwandani hukingwa nayo masikio. Simu usiiweke kitandani mwake kamwe. Iwe mita mbili au zaidi kutoka kwake, na iwe chini kiasi kwamba ukizungumza kwa kawaida huhitaji kupaza.

Jambo moja zaidi, usinikasirikie. Kama mtoto amelala, barabara imetulia, na bado hulali, na moyo ni mzito mchana kutwa, hapo mvua yangu haitoshi. Mwambie nesi siku utakayompeleka Imani kliniki. Wanawake wengi hupitia hayo baada ya kujifungua na yanatibika. Ukitaka nikusindikize, sema tu siku.

Sauti za baba bado ninazo zote. Sasa nazisikiliza Jumamosi asubuhi, chai ikiwa jikoni, nimeketi macho wazi, nisikose hata neno.

Mvua nakutumia leo usiku. Karibu na dakika ya kumi na nane utamsikia jirani akianua nguo na kuita watoto wake. Usishtuke, ni Mama Kevo, na majina anayoita si yako.

Wako akupendaye,
Rehema