Wageni wa Saa Nane Usiku

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza mbona tangu Idi hujavuka Mokowe kuja kututazama. Kusi limeshaanza kuvuma, boti zinarukaruka kwenye mkondo, na mimi nimejifungia darini nikiyawaza yale uliyoniambia kwa simu jana.

Nilisikia ulivyofurahi. Watu 11,000 kwa usiku mmoja kwenye ukurasa wako wa bundi mdogo wa Sokoke, wewe ambaye ukipata wasomaji 40 kwa siku unashukuru Mungu. Kisha ukasema, "Sasa nimejua watu wanataka nini." Ukasema utaziweka kando zile safari zako za alfajiri za kuhesabu ndege kwenye mdomo wa mto Sabaki, uandike bundi mpaka wino ukauke, maana ndiko watu waliko. Jana sikukujibu ipasavyo. Nilikupongeza tu, tukaagana, kisha usingizi ukanipaa. Jambo hilo nimelipitia, shoga yangu, na lilinigharimu kitu ambacho sitakipata tena.

Unamkumbuka yule bibi wa mtaa wa Mkomani, jirani ya khalati yangu, mwenye kasha la leso? Doti 60 na zaidi. Kila doti alijua ilinunuliwa mwaka gani, nani aliyemletea, na jina lile la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, lilikuwa linasemeshwa nani. Nyingine zilikuwa kuukuu, jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na akiishika huanza kwanza kucheka peke yake kabla ya kunieleza. Wewe unajua kwamba leso ya aina ile hainunuliwi kwa rangi. Inanunuliwa kwa sababu kuna mtu uani anayestahili kujibiwa, na mdomo umekatazwa kusema. Nilikuwa naenda kwake kila Jumatano baada ya Alasiri, napiga picha pindo na mji wa katikati, naandika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha naweka kwenye blogu. Wasomaji wangu hawakuzidi 30 kwa siku. Nilikuwa na raha.

Asubuhi moja nikafungua takwimu, nikakuta 9,400. Siku ya pili 8,000 na ushei. Nilimwambia mama, nikamwambia muuza samaki, nikakupigia wewe, unakumbuka? Hakuna aliyejua wametoka wapi, na mimi sikuuliza sana. Nikaanza kuwaza: watu wengi hivi, watu wa mbali, watataka nini? Nikaamua hawatataka hadithi za bibi mmoja wa Mkomani. Nikaandika makala kumi na moja juu ya mitindo ya kushona leso, magauni, mikoba, mapazia, vitu nilivyoviokota huku na huku. Kila asubuhi nilitazama ile namba kabla hata sijatia udhu. Ikipanda nacheka, ikishuka nakosa hamu ya chai.

Miezi minne nilikaa hivyo. Bibi alinitumia mtoto mara mbili: "Bibi anasema njoo, ameikumbuka ile ya pindo la buluu." Nikasema wiki ijayo. Akafariki mwezi wa Shaaban, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watoto wake wakaligawa kasha, na ni haki yao. Leso nyingine sasa hubebewa wajukuu, nyingine zimekwenda Mombasa. Niliandika doti 23. Ile ya pindo la buluu siijui, na hakuna aliye hai anayeijua.

Idi ile mpwa wangu anayefanya kazi ya kompyuta alikuja nyumbani. Nikamwonyesha ile namba kwa fahari. Akaomba nenosiri, akafungua daftari la seva, ile kompyuta inayohifadhi blogu. Mimi hata sikujua kwamba lipo. Humo kila anayegonga mlango wa blogu huandikwa mstari mmoja: anwani yake ya IP, yaani namba ya kifaa chake kwenye intaneti, saa aliyokuja, ukurasa alioutaka, jibu alilopewa, na jina analojitambulisha nalo. Tukaitafuta siku ile. Wageni wangu wote walianza kufika saa nane usiku. Walikuja mmoja baada ya mwingine, kila sekunde moja au mbili, hawakupumzika mpaka jua limechomoza. Walifungua kila ukurasa niliowahi kuandika, kuanzia wa kwanza, kwa mpangilio. Hawakuomba picha hata moja. Shoga, nani anayefungua ukurasa wa leso asitazame leso? Na anwani zao zilikuwa za vituo vya data, nyingi za Virginia, Marekani, kule yanakojengwa majumba makubwa yaliyojaa kompyuta tupu.

Zilikuwa roboti. Ni programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikisoma kurasa. Si zote mbaya. Googlebot, roboti ya Google, ndiyo inayosoma kurasa zetu ili mtu akitafuta atuone. Bila hiyo hata hao 30 nisingewapata. Nyingine zinakusanya maandishi ya kufundishia akili unde, kama GPTBot ya OpenAI iliyotangazwa mwaka 2023. Nyingine ni wezi. Mpwa alinionyesha mistari kadhaa ya mtu, au kitu, kinachojaribu mara kwa mara ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kuendeshea blogu, wakati blogu yangu haitumii WordPress kabisa. Kinapita kila nyumba kikitikisa kitasa. Kila mara kilijibiwa 404, yaani hakuna kitu kama hicho hapa. Na nyingine huacha jina la tovuti fulani kwenye daftari ili wewe, kwa hamu ya kujua nani kakutaja, uibofye. Usibofye.

Kampuni ya usalama ya Imperva ilitoa ripoti mwaka 2025 ikisema kwamba mwaka 2024, 51% ya safari zote za intaneti zilifanywa na mashine. Niliposoma hilo nilikaa kimya kwa muda. Si mimi na wewe tu.

Sikuambii kwamba 11,000 wako wote ni mashine. Sijaliona daftari lako. Nakuambia hivi kwa sababu wageni wa kweli nao huja kwa wimbi, na mimi nimewaona. Ilikuwa jioni moja baada ya Idi, watu 600 kwa saa mbili. Safari hii nilikuwa nimeshajifunza kusoma daftari, nikaenda moja kwa moja. Wote walikuja kwenye ukurasa mmoja, ule wa kisutu, leso ya harusi. Wote kwa simu. Picha zimefunguliwa, tena ya kwanza imefunguliwa na kila mmoja. Namba ilipanda baada ya Magharibi, ikashuka ghafla wakati wa Isha, ikapanda tena. Hakuna mashine inayoswali. Lakini mahali pa kuonyesha wametoka wapi palikuwa patupu. Mpwa akasema kiungo kikipelekwa kwa WhatsApp, mgeni hufika bila kutaja aliyemwelekeza. Wiki tatu baadaye nikiwa kwenye harusi Mkomani, mwanamke nisiyemjua akanionyesha simu yake: kundi la akina mama wanaopanga harusi walikuwa wakibishana nani amvishe bibi harusi kisutu, mmoja akatuma ukurasa wangu kumaliza ubishi. Kutoka kwao nimepata bibi mmoja wa Pate aliyenitumia sauti ya dakika saba kunisahihisha, na alikuwa na haki katika kila alichosema. Watu 600 wale walinipa kitu. Wale 9,400 hawakunipa chochote.

Basi kabla hujafanya lolote, mwombe anayekutunzia seva akutolee daftari la usiku ule. Tazama saa: je, wanakuja kama watu wanavyokuja, kwa mafungu, au kama saa ya ukutani? Tazama kama picha ya bundi imefunguliwa. Tazama kama wametumia simu, maana Wakenya wengi husoma kwa simu. Na tazama kama kuna aliyerudi siku ya pili kusoma kitu kingine.

Kisha weka robots.txt. Ni faili dogo la maandishi tu, mistari michache, linalosema nani aingie na wapi asiingie. Utaratibu huo ulibuniwa na Martijn Koster mwaka 1994, na mwaka 2022 ukaandikwa rasmi kuwa kanuni ya intaneti. Mimi naliona kama daka letu. Nyumba ya Lamu haiingiwi moja kwa moja. Mgeni hukaa barazani dakani, apige hodi, asubiri. Faili lile ni daka. Mwenye adabu atasoma na kusimama. Asiye na adabu atapita, kwa kuwa daka halina kufuli, na huyo ni lazima azuiwe kwenye seva yenyewe kwa anwani zake. Mimi sikufanya hivyo mapema, na mashine moja ikarudi kuchota picha zangu zote, mara tatu, mpaka kiasi changu cha data cha mwezi kikaisha tarehe 12 na kampuni ninayokodi nafasi kwake ikaifunga blogu. Punguza ukubwa wa picha zako pia. Hilo ni dogo lakini linasaidia.

Sasa turudi Sabaki. Umenifundisha wewe mwenyewe kwamba majira haya ya kusi ndiyo wale ndege wa Madagaska wanapokusanyika kwenye mdomo wa mto, na kwamba wakiondoka wameondoka. Bundi wa Sokoke yuko kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke mwaka mzima, hana pa kwenda, utamkuta. Mwaka jana uliandika hesabu ya ndege kila wiki kwa wiki kumi na nane. Nilizisoma zote, nikaja nikazisoma tena. Mama naye namsomea. Ukikatiza mwaka huu, wiki hizo hakuna atakayezijaza, hata wewe. Nakuomba, shoga. Nakuomba kwa sababu naona Jumatano zangu.

Daftari likipatikana nitumie, mpwa atalitazama bure, ameshakubali. Nimempa dereva wa basi chupa mbili za achari ya maembe na doti moja ya leso; jina lake utalisoma mwenyewe, usinipigie simu kuniuliza nimekusudia nini. Msalimie mama yako na watoto.

Na Jumamosi alfajiri ukishafika pale mchangani, nipigie, uishikilie simu juu nisikie ndege.

Wako wa tangu chuoni,
Shoga yako wa Langoni