Ndugu yangu anataka nichore mto uwe mbali na nyumba ya mama

Shangazi, nisamehe kwa kuandika saa hizi, ni saa tisa usiku na usingizi umekataa, nikifungua laptopu nisome naskia tu yale maneno. "Huyu ndiye tulisomesha aje abomoe nyumba ya mama." Ndugu yangu mkubwa alisema hivyo kwa matanga ya mjomba, mbele ya wazee, mbele ya pasta, mbele ya watu wa ushago ambao hata hawakujua nasomea nini. Wengine wakacheka. Mama alikuwa hapo na hakusema kitu.

Nafanya masta ya mipango ya miji, nimebakisha tasnifu pekee. Wewe Mathare unaijua, huu mtaa wetu wa mabanda wa Nairobi kando ya mto, sina haja ya kueleza. Aprili 2024 mto ulipanda hadi kwa madirisha ya vile vyumba vya mabati mama alikuwa anakodisha, halafu Mei ikatoka amri watu wa kando ya mito wahame na tingatinga zikashuka. Vyumba vyote vya upande wa chini vikaenda. Mimi nilikuwa kwa matope na mama tukibeba magodoro ya wapangaji, lakini kwa sababu darasani tunafunzwa mambo ya mito, basi ati nilijua na nikanyamaza. Sikunyamaza! Nilimwambia mama kitambo kabla ya hiyo mvua, ndugu yangu akiwa hapo hapo anakula, na ni yeye alisema niache kuwaletea mambo ya vitabu. Leo amesahau. Kwa matanga alikuwa amesahau.

Sasa mama amenunua mabati mapya na pesa ya chama na fundi ameshalipwa kidogo, na ndugu yangu anataka niandike barua na nichore ramani, niweke jina langu chini kama planner, iseme eneo la mto, yaani ile ardhi ya kando ya mto isiyofaa kujengwa, pale ni mita 6 tu kwa hivyo vyumba viko nje. Shangazi, kanuni za maji zinasema ni kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na pale mafuriko makubwa kabisa yamewahi kufika. Hiyo 6 ndiyo ya chini kabisa, si ati kila mtu anajichagulia. Na maji yalifika wapi? Dirishani. Sasa niandike 6 na mkono gani? Na hata ningetaka, mimi sijasajiliwa, sheria ya kusajili maplanner iko tangu 1996 na ukimaliza shule lazima kwanza ufanye kazi upate ujuzi ndio bodi ikusajili. Nimemweleza hayo yote polepole, na heshima, akaniuliza basi karo alilipa ya nini.

Hiyo karo. Ni kweli mwaka wa kwanza alilipa, anachomelea mageti Kariobangi na macho yake yameumia na hiyo kazi, sijawahi kukana. Lakini huu mwingine nimejilipia na vibarua vya kuhoji watu nyumba kwa nyumba na hakuna mtu alinitangazia hiyo kwa matanga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliingia hii kozi kwa sababu ya watu kama sisi. 2017 kaunti ilitangaza Mukuru, mitaa mingine ya mabanda ya Nairobi, eneo maalum la mipango, watu wa Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani wakaketi wenyewe wakasema barabara ipite wapi, maji yaje vipi, na mimi nikaona kumbe planner anaweza kukaa kwa benchi na mama mboga. Ule mpango wa Nairobi wa 1948 hata jina lake lilisema ni wa mji mkuu wa koloni, huu ulikuwa wetu. Halafu 2021 tingatinga zikaingia Mukuru kwa Njenga na maelfu ya watu wakalala nje. Ndugu yangu ananitupia hiyo kila tukikosana, ati mipango yenu iliwasaidia na nini, na hapo Shangazi huwa sina jibu.

Tasnifu yangu ni ya huu huu mto. Supavaiza anataka nibadilishe eneo kwa vile ni kwetu. Kuna usiku nasema naacha masta kabisa nitafute kazi nimrudishie pesa zake, asubuhi najikuta nimefungua ramani tena. Sitaki aniombe msamaha. Lakini angesema tu mbele ya wale wale watu kwamba si mimi nilibomoa.

Barua siandiki, hiyo nimeamua, nadhani nimeamua. Ninachokuuliza ni hivi, mama nitamwambia vipi asijenge pale? Hivyo vyumba ndio chakula chake na dawa zake za presha, na sina kitu kingine cha kumpa. Nikimkataza ataona ndugu yangu alisema ukweli siku ile. Nikinyamaza, mvua ndefu ikija kutakuwa na watoto wa wapangaji wamelala mle ndani. Fundi anaanza Jumamosi. Tafadhali nijibu kabla ya hapo, na usiniambie niite kikao cha familia, kikao ndicho kilinileta hapa.