Barua ya malalamiko: onyesho la usiku wa Nanenane, ukumbi namba 4

Walezi wa klabu ya filamu ya vijana,
Dar es Salaam.
11 Agosti 2025

Meneja Mkuu,
Kumbi za Sinema,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

KUH: PICHA YENYE GIZA, SAUTI HAFIFU NA KUCHELEWA KUMALIZIKA KWA ONYESHO LA SAA 1:30 USIKU, IJUMAA 8 AGOSTI 2025

Tunaandika kwa niaba ya vijana 9 wenye umri wa miaka 14 hadi 17 waliokata tiketi kwenu kutazama filamu ya njozi usiku wa Nanenane. Kila mmoja alilipa shilingi 12,000, jumla 108,000. Nakala za risiti zimeambatishwa. Tunaomba warudishiwe fedha hizo zote. Pamoja na hilo tunaomba mkirekebishe chanzo chenyewe, kwa sababu kwa jinsi tunavyosoma mambo yalivyokwenda, karibu kasoro zote za usiku ule zinatokana na mambo mawili: pleilisti ya onyesho (orodha ya kompyuta inayopanga matangazo, treila na filamu, pamoja na amri za lenzi, mapazia, taa na sauti) iliandaliwa bila amri zake, na hakuna aliyeingia kuitazama skrini kabla mlango haujafunguliwa.

Tuanze na giza, maana ndilo lililoharibu zaidi. Filamu ya namna hii hupita sehemu kubwa ya muda wake mapangoni, msituni usiku, na katikati ya majeshi yanayotembea kwa mienge. Watengenezaji huyapima hayo yote kwenye skrini ambayo picha nyeupe hutoa mwangaza wa kandela (kipimo cha nguvu ya mwanga) 48 kwa kila mita ya mraba, na hicho ndicho kiwango ambacho sinema za kidijitali duniani zinatakiwa kukifuata. Mwangaza ukishuka hadi nusu, matukio ya mchana bado yanaonekana, ila ya usiku yanafutika. Ndiyo maana mhudumu anayechungulia mlangoni wakati wa tangazo la soda anaweza kuridhika kuwa kila kitu kiko sawa, kumbe dakika 40 baadaye watazamaji wanasikia panga zikigongana na hawaoni nani anapigana na nani.

Filamu hii ilikuwa ya 2D. Ukumbi huohuo ulikuwa umeonyesha katuni ya 3D saa 10 jioni, na miwani iliyotumika ilikuwa bado kwenye kikapu mlangoni. Kijana mmoja aliichukua jozi moja, akaivaa, akafumba jicho la kulia: picha ikaonekana. Akafumba la kushoto: skrini ikawa karibu nyeusi kabisa. Akampa wa pili miwani, naye akaona vilevile. Jaribio hilo halihitaji chombo chochote na jibu lake halina ubishi. Mwanga wa projekta ya taa ya xenon usiopitia kichujio cha 3D (kioo cha mbele ya lenzi kinachotenganisha picha ya kila jicho) huonekana sawa kwa macho yote mawili ukivaa miwani ile. Jicho moja likiona na jingine lisione, basi kichujio bado kimekaa mbele ya lenzi. Kichujio cha aina hiyo hupitisha chini ya nusu ya mwanga hata kikiwa safi, kwa hiyo kikisahaulika wakati wa filamu ya 2D, zaidi ya nusu ya mwanga mliolipia umeme wake unaishia kwenye kioo hicho. Haya hutokea sana kwenye kumbi zinazobadilishana 3D na 2D siku moja, hasa pale ambapo kichujio kinaondolewa kwa mkono na fundi ana kumbi kadhaa za kuhudumia peke yake.

Skrini ya ukumbi namba 4 nayo inaongeza tatizo. Ni skrini ya rangi ya fedha, inayohitajika kwa 3D ya miwani hiyo, na tabia yake ni kuurudisha mwanga mwingi katikati na kuunyima pembeni. Vijana sita kati ya tisa walikaa viti vya mwisho upande wa kushoto. Nusu ya kulia ya picha, kwao, ilikuwa kivuli.

Walipotoka kueleza waliambiwa kaunta kwamba filamu yenyewe ndivyo ilivyotengenezwa, ni ya giza. Jibu hili limetuudhi kuliko giza lenyewe. Lingekuwa kweli, jicho la kulia na la kushoto yangeona kitu kimoja kupitia miwani. Kijana wa miaka 15 aliyekwenda na maelezo sahihi, na miwani mkononi kama ushahidi, alistahili mtu wa kuingia naye ukumbini kwa dakika moja tu na kutazama.

Kasoro ya pili ni umbo la picha. Matangazo na treila zilikuwa za fremu ya 1.85 (upana ni mara 1.85 ya kimo), na filamu ni ya fremu pana ya 2.39. Kati ya treila ya mwisho na filamu, pleilisti inapaswa kuwa na amri inayoiambia projekta ibadili ukuzaji wa lenzi na kuyasogeza mapazia meusi ya pembeni. Amri hiyo haikuwepo. Matokeo yake filamu ilianza ikiwa imefinywa ndani ya nafasi ya matangazo, mapazia yamefungwa, na mistari ya kijivu juu na chini ya picha. Kwa skrini yenu, ambayo kimo chake hakibadiliki, hesabu ni rahisi: 1.85 gawanya kwa 2.39 ni 0.77; upana na kimo vyote hupungua kwa kiasi hicho, kwa hiyo eneo la picha hushuka hadi asilimia 60 ya lile linalotakiwa. Kwa dakika 22 watu walitazama tatu ya tano ya skrini waliyoilipia.

Dakika ya 22 mtu fulani alibonyeza amri sahihi. Mapazia yakafunguka, picha ikapanuka, na papo hapo ikawa na giza kuliko mwanzo. Hilo liliwashangaza vijana, wakadhani malalamiko yao yameharibu zaidi, na baadhi wakanyamaza kwa sababu hiyo. Tunataka wajue, na nanyi mjue, kwamba hawakukosea. Mwanga uleule uliokuwa umejaa eneo dogo ulitandazwa kwenye eneo kubwa mara 1.67, na kichujio bado kilikuwa kinakula nusu yake. Fundi aliyekuwa chumba cha projekta dakika ile alipaswa kushtuka. Picha ya 2D yenye giza namna hiyo baada ya kupanuliwa ni sababu tosha ya kukagua kama kuna kitu mbele ya lenzi.

Taa za ukumbi zilibaki nusu kwa zaidi ya saa nzima, kwa sababu ileile ya amri kukosekana. Mwanga wa taa ukiangukia skrini ya rangi ya fedha, weusi wa picha unageuka kijivu.

Sauti: mhudumu aliwaambia vijana kuwa iko kwenye 5, kwenye kipimo cha kitufe cha sauti cha ukumbi, kwa sababu wateja hulalamikia kelele za matangazo. Tunaielewa sababu hiyo, matangazo kweli yanapiga kelele. Lakini filamu huchanganywa sauti yake ikilenga 7 kwenye kipimo hicho, na kushuka hatua mbili ni kupunguza desibeli kati ya 6 na 7. Vishindo vya vita bado vitasikika. Kinachopotea ni maneno ya mtu anayenong'ona, na maneno karibu yote hutoka spika moja tu, ya katikati nyuma ya skrini. Katika filamu ambayo mchawi ananong'ona sharti la laana mara moja na halirudiwi tena, desibeli hizo ndizo hadithi. Dawa yake si ngumu: punguzeni matangazo peke yake kwa amri ya sauti ndani ya pleilisti, kisha amri nyingine irudishe 7 filamu inapoanza.

Dakika ya 71 onyesho lilisimamishwa bila tangazo lolote. Likakaa dakika 14. Liliporudi, taa za ukumbi zilikuwa zimezimwa, jambo ambalo swichi ya ukutani ingelifanya bila kuigusa filamu, na filamu yenyewe ikawa imeruka mbele dakika 4 hivi. Seva ya sinema (kompyuta inayorusha filamu) huonyesha saa, dakika na sekunde za mahali filamu ilipokatika. Anayeianzisha upya huandika muda huo, anarudi nyuma sekunde 30, anabonyeza. Aliyekisia ndiye aliyewanyima vijana dakika zinazoeleza kwa nini mlinzi wa lango anamgeuka mfalme. Walitoka ukumbini wakiulizana swali hilohilo mpaka kituoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu.

Sasa suala la muda, ambalo kwetu si dogo hata kidogo kwa kuwa hawa ni watoto wa watu. Tiketi inasema saa 1:30 usiku. Filamu ina urefu wa saa 2 na dakika 28. Mzazi anayejumlisha hupata saa 3:58, na kwa hesabu hiyo ndipo ruhusa ilipotolewa na usafiri ukapangwa. Matangazo na treila zilichukua dakika 34, filamu ikaanza saa 2:04, ikasimama, ikaruka, ikaisha saa 4:42. Vijana wa kwenda Mbagala, Ukonga na Tegeta walitoka wakati daladala zimeshapungua, wakabaki na bajaji na bodaboda kwa bei ya usiku, huku wazazi wakipiga simu ambazo zilikuwa zimezimwa ukumbini kama matangazo yenu yanavyoagiza. Kuwa na matangazo ya dakika 34 ni uamuzi wenu wa biashara. Kuuficha muda halisi ndiko tunakokulalamikia. Andikeni kwenye tiketi na kwenye ukurasa wa kununulia nyakati mbili: saa filamu inapoanza na saa inapotarajiwa kuisha. Pale inapochelewa zaidi ya dakika 10, mhudumu asimame mbele aseme, ili anayefuatwa na mzazi atoke nje kupiga simu.

Ukaguzi ambao ungezuia haya hauzidi dakika 10 kwa ukumbi mmoja, na tunaomba uwe wa lazima kila mara ukumbi unapotoka 3D kwenda 2D. Fundi arushe picha nyeupe tupu ya majaribio, akae kiti cha katikati, avae miwani ya 3D na kufumba jicho moja moja. Macho yakitofautiana, kichujio hakijatoka. Avue miwani, alinganishe katikati ya skrini na pembe zake nne. Kisha arushe picha ya mistari ya fremu ya 2.39 na kuhakikisha mistari ya nje inagusa mapazia pande zote bila kuyapanda. Apige sauti ya majaribio spika moja baada ya nyingine, na kwenye spika ya katikati akae zaidi kidogo, asikilize kama sauti nyembamba zinatoka. Mwisho aruke hadi mwisho wa treila ya mwisho na kuitazama pleilisti ikivuka kuingia kwenye filamu: lenzi ibadilike, mapazia yafunguke, taa zizime, sauti ipande. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi watu wakiwa na haraka, na siku ya sikukuu haraka ni nyingi. Kama taa ya xenon imezidi saa zake za matumizi, ibadilishwe. Ikizeeka hufifia na kuanza kutetereka, na kuongeza umeme hakuirudishi upya.

Tulichoombwa kupokea hadi sasa ni kuponi ya bisi moja kwa kila kijana. Hatuipokei. Bisi zao walizinunua wenyewe, na hazikuwa na kasoro.

Tunaomba, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, mrudishe shilingi 108,000 kwa namba za simu zilizotumika kununulia tiketi. Mtujibu kwa maandishi kama kumbukumbu za seva za usiku wa 8 Agosti zinathibitisha muda wa kuanza, wa kusimama na wa kuendelea tuliouandika hapa (seva huhifadhi hayo yote, hivyo hakuna haja ya mabishano). Na mtueleze ni lini tiketi zitaanza kuandikwa saa ya kumalizika. Tunaomba pia onyesho moja la filamu hiyo kwa vijana hawa 9, mchana, kabla haijaondolewa kwenye ratiba yenu, kichujio kikiwa kimetolewa. Wanataka kuijua hadithi yenyewe.

Tusipopata jibu ndani ya muda huo tutapeleka nakala ya barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, kwa hoja ya kumpotosha mlaji kuhusu muda na ubora wa huduma aliyoilipia.

Viambatisho: nakala za risiti 9, picha ya tiketi inayoonyesha saa 1:30 usiku, orodha ya saa na dakika kama zilivyoandikwa na vijana wakiwa ukumbini.

Wenu,

Walezi wa klabu ya filamu ya vijana